Mtoto hashindwi na theluji, anashindwa na buti

Mhariri,

Kila Januari barua za shule za chekechea hapa Norway huanza kuingia kwenye mikoba ya watoto: siku fulani ni siku ya skii, mtoto aje na skii, helmeti, chakula na nguo za sufu. Na kila Januari wapo wazazi wenzetu wanaozungumza Kiswahili nyumbani, waliotoka Bukavu, Kigoma, Bujumbura au Mombasa, wanaopiga simu shuleni kumwombea mtoto ruhusa abaki nyumbani. Wengine humpeleka bila vifaa vinavyofaa, jioni anarudi analia, na nyumba nzima inakubaliana kwamba mchezo huu si wetu.

Sisi kazi yetu ni kuwafundisha watoto wadogo kusimama juu ya skii na snoubodi (ubao mmoja unaofungwa miguu yote miwili), na hatukubaliani na hukumu hiyo. Mtoto wa miaka minne akilia kwenye theluji, mara nyingi woga haumo. Ni buti lisilomtosha, ni soksi ya pamba iliyolowa, au ni mtu mzima aliyempandisha mteremko mkali kabla hajajua kusimama. Yote matatu yanarekebishika, na mawili ya kwanza hurekebishwa nyumbani, siku moja kabla.

Kwanza isomeni ile barua vizuri. Neno "ski" katika barua ya chekechea mara nyingi lina maana ya langrenn, yaani skii za kutembelea: nyembamba, nyepesi, kiatu chake laini, na kisigino kiko huru kunyanyuka. Skii za kushukia mteremko, ambazo watu wa hapa huziita slalåm au alpint, ni nzito, zina kingo za chuma, na kisigino hubanwa. Mtoto aliyevalishwa mabuti magumu ya plastiki siku ya langrenn atakaa pembeni akiwatazama wenzake. Kwa wa miaka miwili au mitatu zipo pia skii fupi za plastiki zenye mikanda inayofungwa juu ya viatu vyake vya kawaida vya baridi. Kwa kuchezea uani zinatosha kabisa. Yanayofuata ni ya skii za mteremko na snoubodi, ingawa habari ya nguo inawahusu wote.

Tuje kwenye buti, maana hapo ndipo watoto wengi wanapopotezwa. Namba ya buti la skii haifuati namba za viatu vya dukani. Ni urefu wa mguu kwa sentimita: buti la 17.5 ni la mguu wa sentimita 17.5. Msimamishe mtoto juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, kisha pima. Pima miguu yote miwili uchukue ule mrefu. Ukifika dukani au mahali pa kuazima, chomoa buti la ndani, lile laini, kutoka kwenye ganda la plastiki. Mwambie mtoto atie mguu kwenye ganda tupu na asogeze vidole mpaka viguse mbele. Nyuma ya kisigino pabaki nafasi ya kidole kimoja cha mtu mzima, au kimoja na nusu. Viwili vikiingia bila taabu, buti hilo ni kubwa, liache.

Tunajua mazoea yetu ya kumnunulia mtoto kiatu kikubwa ili kimfae na mwakani. Kwa kandambili au kiatu cha shule hayana ubaya mkubwa. Kwa buti la skii ndiyo chanzo cha kilio. Mtoto huongoza skii kwa ugoko unaoegemea ulimi wa buti kwa mbele. Kisigino kikinyanyuka ndani ya buti, mguu unageuka na skii haigeuki. Anasukuma, anajipinda, hapati jibu. Mzazi akiona buti linacheza hukaza bizimu mpaka mwisho, damu haishuki vizuri, na baada ya nusu saa vidole vimekufa ganzi. Kisha anaongeza soksi ya pili, na hapo mambo yanaharibika zaidi, kwa sababu soksi mbili hujikunja, zinasugua malengelenge na kuubana mguu uleule. Soksi ni moja tu, nyembamba, ya sufu au ya nyuzi za kutengenezwa, ipite juu ya ukingo wa buti. Suruali ya ndani isiingie ndani ya buti hata kidogo. Mshono wake ukibanwa kati ya ugoko na plastiki, mtoto ataonyesha mahali hapo kwa kidole na hatakubali kuendelea, na ana haki.

Nguo ni tabaka tatu. Inayogusa ngozi iwe ya sufu nyembamba au poliesta, ya kati iwe ya fulana nzito ya manyoya au sufu, ya nje iwe isiyopitisha maji wala upepo. Pamba isiwepo popote, wala suruali ya jinzi. Pamba hunywa jasho na theluji iliyoyeyuka, na ikishalowa haimpi mtoto joto lolote. Badala yake humnyang'anya alilonalo. Glavu zenye vidole waachieni wakubwa. Mdogo avae zile za mfuko, vidole vinne vikikaa pamoja na kupashana joto, ziwe ndefu za kuingia chini ya mkono wa koti. Beba jozi ya pili, kwa kuwa ya kwanza italowa kabla ya saa sita mchana. Skafu hapana, inaweza kunaswa na lifti. Mpeni kitambaa cha shingo kilichoshonwa duara. Na kabla ya kumvalisha lolote, apelekwe msalani. Tukio la kawaida kabisa mlimani ni mtoto aliyefungwa zipu hadi kidevuni anayesema anataka kukojoa, na akijikojolea kwenye baridi ya nyuzi 8 chini ya sifuri, siku yake imekwisha.

Kuna mambo mawili yanayotuhusu sisi hasa, ambayo vijitabu vya hapa havisemi. La kwanza ni nywele. Helmeti inatakiwa ikae sawasawa kichwani, ukingo wake wa mbele uwe upana wa vidole viwili juu ya nyusi, na ukiifunga kidole kimoja kipite kati ya mkanda na kidevu. Mabutu, kilemba cha rasta au nywele zilizofungwa juu huinyanyua kwa nyuma na kuishusha machoni, na helmeti iliyokaa hivyo haimlindi mtoto akianguka kichalichali. Wiki hiyo msukeni mistari iliyolala inayoishia chini kisogoni, bila shanga, kwa sababu shanga chini ya helmeti humwumiza kama kokoto. Binti anayevaa hijabu avae kofia nyembamba inayoziba shingo na masikio, bila pini hata moja. Helmeti iwe na alama ya kiwango cha usalama ya EN 1077 au, kwa walioko Amerika, ASTM F2040. Ya baiskeli haifai. Ya mtumba ambayo hujui iliwahi kuanguka vipi, usiinunue. Vituo vingi vya skii vya Norway huwapandisha lifti bure watoto wa miaka 0 hadi 6 kwa sharti kwamba wamevaa helmeti. Italia imeifanya kuwa sheria tangu 2005 kwa walio chini ya miaka 14, mwaka 2022 ikapandisha umri huo hadi 18, na tangu Novemba 2025 inawahusu watu wa umri wote.

La pili ni mafuta ya mgando. Tumezoea kumpaka mtoto uso mzima kabla ya kutoka, na kwa ngozi kavu ni sawa, ila hayazuii ngozi kuganda kwa baridi. Mzazi aliyeyategemea huacha kuangalia. Kwenye ngozi nyeupe sehemu inayoanza kuganda huonekana mara moja. Kwenye ngozi yetu rangi inaweza kuwa ya kijivu hafifu tu na ikapitwa na macho, kwa hiyo tumieni mkono: gusa ncha ya pua, ndewe za masikio na mashavu kila baada ya dakika 15 au 20, uulize, "Unahisi nikigusa hapa?" Ikiwa pamekuwa pagumu, baridi kama nta, au hahisi, ingieni ndani mara moja. Pasha kwa kiganja chenye joto, na vidole vya mtoto viwekwe kwapani mwako. Msisugue kwa theluji wala kwa nguo, msisogeze kwenye moto. Hisia zisiporudi katika nusu saa, nendeni hospitali. Jua nalo lisidharauliwe kwa sababu mtoto ni mweusi. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno, na miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000. Macho hayana weusi wa kuyakinga, kwa hiyo miwani ya theluji ni lazima hata siku ya mawingu.

Skii za anayeanza ziwe kati ya kifua na kidevu chake. Mtoto wa sentimita 100 apewe za 70 hadi 80. Ndefu zaidi zinapishana mbele na kumwangusha. Fimbo hazihitaji, zitampa kazi ya mikono wakati kazi iko miguuni. Vibano vinavyoshika buti vina namba ya DIN, inayoamua nguvu itakayotakiwa ili skii ichomoke mtoto anapoanguka. Kwa mtoto wa kilo 15 namba hiyo huwa karibu na 1 au chini yake. Fundi huipanga kwa uzito, kimo, umri, urefu wa soli na uwezo. Msimdanganye uzito wala ujuzi wa mtoto kwa kuona haya, na msiikaze wenyewe kwa bisibisi kwa kuwa skii "inachomokachomoka". Skii isiyochomoka huvunja mfupa wa ugoko. Mnaponunua mtumba, kumbukeni kwamba soli ya buti la mtoto ni nyembamba kuliko ya mtu mzima, na si kila kibano cha mtu mzima kinaishika salama.

Wala hakuna sababu ya kununua. Hapa Norway kuna BUA, na Uswidi kuna Fritidsbanken, iliyoanzia mji mdogo wa Deje mwaka 2013. Zote huazimisha vifaa vya michezo bila malipo. Kinachotakiwa ni kuwahi, kwa sababu wiki ya likizo ya majira ya baridi, wiki ya 8 kwa Oslo, mabuti madogo huwa yameshachukuliwa. Tunaomba wazazi walisikie hili kuliko yote tuliyoandika kuhusu vifaa, kwa maana gharama ndiyo inayotajwa kwanza na wanaomwombea mtoto ruhusa.

Somo la kwanza halihitaji mlima. Sebuleni, mtoto avae mabuti dakika 15, atembee, achuchumae, aruke, apite juu ya mto. Watoto hushtuka kukuta kifundo cha mguu hakikunjiki, na ni heri mshtuko huo uishie kwenye zulia. Nje, pawe tambarare kabisa. Skii moja mguuni, mguu wa pili usukume kama anayeendesha skuta, kisha abadilishe. Halafu zote mbili, atembee, azunguke, apande kilima kidogo kwa ubavu kama anayepanda ngazi. Aanguke makusudi, kwa upande, kwa nyonga. Kuinuka nako ni somo: skii zote zikae upande wa chini, zikikingama mteremko, ndipo ajisukume kwa mikono. Ukimnyanyua kila anapoanguka, atakusubiri hivyo msimu mzima.

Mteremko wa kwanza uwe wa mita tano hadi kumi, mwisho wake uwe tambarare au uinuke kidogo, ili skii zisimame zenyewe. Mtu mzima akae chini, akimtazama, akirudi kinyumenyume. Mtoto huelekea anakotazama, na akikutazama wewe uliye mbele, mwili wake unakuja mbele. Mzazi anayembeba mtoto katikati ya miguu yake na kushuka naye anafanya kinyume chake: mtoto anaegemea nyuma, ugoko unaacha ulimi wa buti, na anazoea kukaa kama yuko kwenye kiti. Kamba za kufunga kifuani zina kasoro ileile zikivutwa. Zikilazimu, zifungwe nyongani, zining'inie zikiwa legevu, zikazwe tu pale mwendo unapozidi.

Breki ni kabari: ncha za mbele zikaribiane, visigino vitanuke. Walimu wa Marekani huwaambia watoto wafanye pizza, na wanapotaka skii zinyooke husema chipsi. Kwa watoto wetu sambusa inafaa zaidi, na chipsi ibaki chipsi. "Sambusa!" mtoto anatanua, "chipsi!" anazinyoosha, waliokulia kwenye futari na mikahawa ya nyumbani hushika kwa mara ya kwanza. Kati ya ncha mbili pabaki nafasi ya ngumi yake. Anayetanua sambusa hutumia visigino, kama anayesambaza siagi kwenye mkate kwa miguu yote miwili. Akiingiza magoti ndani badala ya kusukuma visigino, kingo zinakwama na ncha zinapandana. Kipo kifaa cha mpira kinachobana ncha pamoja. Kwa wa miaka mitatu husaidia siku mbili tatu, kisha kitolewe, la sivyo miguu haitajifunza kazi hiyo.

Kosa tunalolichukia ni hili. Mtoto ameweza sambusa kwenye kilima cha kujifunzia, baba anafurahi, anampandisha lifti. Juu kuna mteremko mkali mara mbili. Mtoto anatanua sambusa kwa nguvu zake zote, mapaja yake hayana nguvu za kutosha kuzuia uzito, mwendo unaongezeka, anakaa chini, anaogopa. Sambusa huzuia mwendo pale pasipo na mwinuko mkubwa tu. Penye mwinuko kinachozuia ni kukata kona na kukingama mteremko. Kwa hiyo asipande mpaka aweze kupinda kushoto na kulia bila kushikwa, na kusimama anapoambiwa, mara kumi kati ya kumi. Kupinda kunafundishwa kwa kubonyeza: akibonyeza mguu wa kulia anakwenda kushoto. Maneno hayo humchanganya mdogo, kwa hiyo tandazeni glavu kwenye theluji, azizunguke, na miguu itajua yenyewe.

Lifti ya kwanza iwe mkanda unaosonga ardhini: skii zinyooke, asikae, asiguse pembeni. Ile ya viti, katika vituo vingi vya milima ya Alps, mtoto aliye chini ya mita 1.25 haruhusiwi kupanda bila mtu mzima. Mkalishe upande wa mhudumu, mgongo ufike nyuma ya kiti, kizuizi kishushwe mara moja, na mkoba usiwe mgongoni.

Snoubodi je? Wengi wanaotuuliza wana mtoto aliyeiona kwenye televisheni na hataki skii. Tunachoshauri ni hiki: chini ya miaka sita, skii ni rahisi zaidi, kwa sababu mtoto anatazama mbele na kila mguu una uhuru wake. Kwenye snoubodi miguu yote imefungwa, anakwenda ubavu ubavu, na anatakiwa kutofautisha uzito wa visigino na wa vidole, jambo ambalo mwili wa miaka mitatu haujalimudu. Lakini anayeitaka asinyimwe. Kampuni ya Burton hutengeneza kamba inayojikunja, inayofungwa kwenye ncha ya ubao mdogo. Mzazi anamvuta tambarare na mtoto anajifunza kusawazisha magoti, basi, hakuna zaidi ya hapo kwa mwaka mmoja. Kujua mguu wa mbele, mwache ateleze na soksi kwenye sakafu laini, uone anatanguliza upi. Mlimani aanze kwa ukingo wa visigino, akitazama chini, akishuka taratibu kwa ubavu. Anguko baya hutokea ukingo wa upande wa chini unapochimba theluji: ubao unasimama ghafla na mtoto anatupwa, mara nyingi kichalichali. Afunge ngumi anapoanguka, atue kwa mkono mzima kuanzia kiwiko, na avae vikinga kifundo cha mkono, kwa kuwa hapo ndipo wanaoanza snoubodi huvunjika.

Kwa jamaa wa Ghuba, ndani ya Ski Dubai, ukumbi wa theluji ulio ndani ya jengo, uliofunguliwa 2005, mambo ni yaleyale isipokuwa upepo na jua. Baridi ni ya nyuzi moja au mbili chini ya sifuri, na mzazi anayetoka kwenye joto la nje humvalisha mtoto fulana ya pamba iliyokwisha kulowa jasho. Mbadilisheni ya ndani kwanza.

Umri wa kuanza tunaulizwa sana. Philip Boit alijifunza akiwa mtu mzima, mkimbiaji wa mita 800, akaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano mwaka 1998 na kumaliza wa mwisho katika langrenn ya kilomita 10, huku mshindi, Bjørn Dæhlie, akimsubiri kwenye mstari. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, akahamia Austria akiwa na miaka mitatu, na mwaka 2018 akashuka milima kwenye Olimpiki ya Pyeongchang kwa bendera ileile. Miaka mitatu hadi minne ni umri mzuri, kwa saa moja kwa siku, mapumziko katikati, chai ya maziwa kwenye chupa na andazi mfukoni. Acheni angali anataka kuendelea.

Jioni, toeni buti la ndani kwenye ganda, muondoe soli yake, mjaze karatasi za gazeti kuukuu na kulisimamisha penye hewa. Msiliweke juu ya hita: gundi inaachia na sponji inakakamaa. Badilisheni karatasi kabla ya kulala, kwa sababu za kwanza zitakuwa zimelowa.

Walimu wa skii wa watoto,
Oslo, Norway